Mbegu za Mpunga Zinazohimili Ukame na Chumvi: Je, Zitapikika?



Katika soko la Chwele, hapa Kaunti ya Bungoma ninakosomesha madrasa, mchele huuzwa jirani na vitunguu, nyanya na kuku wa kienyeji. Mwanamke anayekuja kununua haulizi bei kwanza. Huchota punje chache, huzipuliza, huzisugua viganjani, kisha huzinusa. Mchele wenye harufu una bei yake na usio na harufu una bei yake, na baina ya bei hizo mbili pana tofauti ambayo mama mwenye watoto sita huihesabu kwa makini. Hakuna bwana shamba aliyemfundisha mtihani huo. Hata hivyo, kila mbegu mpya ya mpunga inayotolewa na watafiti wa Afrika Mashariki, iwe imekusudiwa kuhimili ukame au kuhimili chumvi, mwisho wa safari yake hufika mbele ya pua hiyo.

Jamaa zetu wa Pwani, hasa wenye mabonde ya mpunga upande wa Kipini na wenye udugu na watu wa Pemba, wamekuwa wakiniuliza juu ya mbegu hizi, wakidhani kuwa aliye bara karibu na wakulima ana habari zaidi. Wanauliza kama ni kweli upo mpunga unaoota penye maji ya chumvi. Wanauliza kama ni halali na salama kula mchele uliotokana na mbegu iliyopigwa mionzi. Na wanawake huongeza swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote: utapikika? Nimeona ni bora nijibu kwa kalamu, mara moja, kwa wote.

Chumvi inavyoingia bondeni

Watu wa delta ya Mto Tana, pale Ozi na Kau, wana elimu ya maji ambayo haikuandikwa katika vitabu vya wahandisi. Bahari inapojaa husukuma mto urudi nyuma. Maji baridi ya mto, yakikosa pa kwenda, hupanda juu ya kingo na kuingia katika makonde ya mpunga, na maji yanapotoka hurudi taratibu mtoni. Kwa hiyo bahari yenyewe ndiyo iliyokuwa ikinywesha mpunga, bila ya kuutia chumvi hata chembe, maadamu mto una nguvu ya kuzuia chumvi ibaki chini.

Mto ukipungua nguvu, mizani hupinduka. Katika Mto Tana yamejengwa mabwawa matano ya umeme huko juu, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, na Masinga lililo kubwa kuliko yote likakamilika mwaka 1981. Mabwawa hayo yametupa taa majumbani, na sikusudii kuyalaani. Lakini mafuriko yaliyokuwa yakiusukuma mto hadi baharini yamepungua, na miaka ya ukame imeongeza mzigo juu ya mzigo. Bamvua la leo likipanda, kinachorudi nyuma na kuingia makondeni mara nyingi ni maji chumvi. Huko Ozi wakulima wamekwisha kuyaacha mashamba yaliyolisha wazee wao. Pemba nayo bahari imeingia katika mabonde ya mpunga yaliyo chini, na delta ya Rufiji ina mashamba ya mpunga yaliyokatwa ndani ya mikoko ambayo kila mwaka hutegemea mvua na mto kuyasafisha chumvi kabla ya kupandwa.

Mama aliyewahi kutengeneza ng'onda hahitaji kufafanuliwa sana chumvi inamfanyia nini mpunga. Samaki akitiwa chumvi, maji yaliyo ndani ya nyama hutoka nje. Vivyo hivyo mzizi ulio katika udongo wa chumvi huona kiu ilhali umesimama ndani ya maji. Hilo ndilo dhara la kwanza. La pili huja polepole: sodiamu hupanda ndani ya mmea hadi kwenye majani, huchukua mahali pa potasiamu ambayo mmea unaihitaji, na majani huanza kuungua kutoka nchani. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 kwa lita. Mpunga wa kawaida huanza kudhurika maji ya udongoni yanapofikia gramu 2 hivi kwa lita, yaani kama theluthi ya kijiko cha chai. Ni zao laini mno kwa jambo hili, laini kuliko shayiri, laini kuliko pamba.

Tena si kila umri wa mpunga unadhurika sawasawa. Mche mchanga ni dhaifu. Ukishashika na kuanza kuchipua vikonyo huwa mvumilivu, kisha unapokaribia kutoa maua udhaifu hurudi. Kwa sababu hiyo wenye mabonde yanayoonja chumvi hushauriwa wangoje mvua za mwanzo zioshe udongo, na wapandikize miche iliyokomaa, ya mwezi mmoja na zaidi, badala ya ile ya wiki mbili tatu.

Mgeni kutoka Malabar

Dawa ya jambo hili ilipatikana mahali ambapo majahazi yetu yalipajua zamani sana: pwani ya Malabar, katika jimbo la Kerala huko India. Wakulima wa huko wana mpunga wa kale uitwao Pokkali. Wanaupanda wakati wa mvua katika mashamba ambayo msimu mwingine hujaa maji ya bahari na kufugiwa kamba. Ni mpunga mrefu, huanguka upesi, na mavuno yake si makubwa. Lakini umezaliwa na kulelewa penye chumvi.

Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoko Los Baños nchini Ufilipino, waliuchanganya Pokkali na mpunga dhaifu wa chumvi uitwao IR29, kisha wakawachunguza watoto wa ndoa hiyo mmoja mmoja. Wakakuta kuwa sehemu kubwa ya uvumilivu wa Pokkali wakati wa uchanga inatoka katika kipande kimoja cha urithi, kilicho katika kromosomu ya kwanza, wakakiita Saltol. Kazi yake, kwa maneno mepesi, ni kuuwezesha mmea kupunguza sodiamu inayopanda na kuishikilia potasiamu. Mtoto mmoja wa mchanganyiko huo, aliyepewa jina kavu la FL478, ndiye aliyetumika baadaye katika nchi nyingi kupeleka sifa hiyo kwenye mbegu za wenyeji.

Napenda mama zangu waelewe uzito wa kazi yenyewe. Ua la mpunga lina dume na jike ndani ya ganda moja, na hujichavusha lenyewe asubuhi katika muda wa saa moja au mbili tu. Anayetaka kuchanganya mbegu mbili lazima amtangulie ua. Hukata ncha ya ganda, huzitoa chavulio zote sita kwa kibano kidogo kabla hazijapasuka, hulifunika suke kwa mfuko wa karatasi, kisha huleta suke la mpunga wa pili na kulitikisa juu yake. Hufanya hivyo kwa ua baada ya ua. Mbegu chache zinazopatikana hupandwa, watoto wao hupandwa, na wajukuu, na vitukuu, mpaka vizazi sita au vinane vipite na mpunga utulie usibadilike tena. Siku hizi wanaweza kupima jani la mche ili kujua kama umerithi kipande kinachotakiwa, bila ya kungoja uvunwe, na hilo limepunguza miaka. Lakini bado ni kazi ya miaka, na mtu huweza kuianza na ndevu nyeusi akaimaliza na nyeupe.

Tanzania imekwisha kupata matunda ya njia hiyo. Zipo aina za SATO zilizotolewa kwa ajili ya mashamba yenye chumvi. Ni vyema ieleweke kuwa si chumvi zote ni za bahari. Katika skimu za umwagiliaji kama Ndungu, wilayani Same, mbali kabisa na pwani, maji ya kumwagilia huleta chumvi kidogo kidogo, jua huyanyanyua maji na kuiacha chumvi, na pasipokuwa na mitaro ya kutoa maji ardhi hugeuka. Wengine huwa na ardhi ya magadi, ambayo ni maradhi mengine yenye dawa yake. Mwenye bonde la bahari asikimbilie kununua mbegu iliyosifiwa katika ardhi ya magadi kabla hajauliza imejaribiwa katika chumvi ipi.

Na hapa niseme wazi, kwa kuwa nimesikia wauzaji wakisema vinginevyo: hakuna mpunga unaolimwa katika maji ya bahari matupu. Mbegu zinazohimili huongeza uvumilivu hadi mara mbili, pengine mara tatu, ya ule wa mpunga wa kawaida. Bonde linaloingiwa na bamvua kila mwezi litahitaji tuta na mlango wa maji kabla ya kuhitaji mbegu. Anayeuziwa mbegu peke yake ameuziwa nusu ya dawa kwa bei ya dawa nzima.

Mpunga wa mlimani

Chwele si nchi ya mpunga. Ni nchi ya mahindi, maharage na viazi vitamu, chini ya Mlima Elgon ambao wenyeji Wabukusu huuita Masaba. Mpunga wake uko mbali chini: mto Kuywa unaopita upande huu huingia Nzoia, na Nzoia ndio unaonywesha mashamba ya Bunyala kabla ya kuishia Ziwa Victoria. Lakini tangu mpunga wa nchi kavu ulipoanza kuzungumzwa, wakulima wa magharibi wamekuwa wakiuliza kama nao wanaweza kupanda mpunga kama wapandavyo mahindi, kwa mvua tu, bila ya bonde wala mfereji.

Mpunga huo una historia ya Kiafrika inayostahili kujulikana na watoto wetu. Kuna mpunga wa namna mbili duniani uliofugwa na binadamu. Mmoja ni wa Asia, ambao ndio tuujuao, na uliotufikia kwa bahari. Wachimbaji wa mambo ya kale walioitafiti Pemba walikuta kuwa watu wa Tumbe, katika karne ya 8 hadi ya 10, walikula zaidi mawele, na kwamba katika mji wa Chwaka, tangu karne ya 11, mpunga ulishika nafasi ya kwanza. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli. Mpunga wa pili ni wa Afrika Magharibi, uliofugwa katika bonde la Mto Niger yapata miaka 3,000 iliyopita. Huo hushinda magugu na huvumilia shida nyingi, lakini hupukutisha punje zake kabla ya kuvunwa, na mavuno yake ni haba.

Ndoa baina ya hao wawili ilikuwa ngumu, kwani watoto wao walikuwa tasa. Dakta Monty Jones wa Sierra Leone na wenzake katika kituo cha utafiti wa mpunga karibu na Bouaké, nchini Côte d'Ivoire, walianza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walikitoa kiinitete kichanga kabla hakijafa ndani ya ua, wakakilea katika chupa, kisha wakamrudia mzazi wa Kiasia kwa vizazi kadhaa hadi uzazi ukarejea. Zilizotokea ni mbegu za NERICA, na za nchi kavu zilifika 18. Mwaka 2004 Dakta Jones alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia pamoja na Yuan Longping wa Uchina. Kenya iliziidhinisha NERICA 1, 4, 10 na 11. Uganda, ng'ambo ya mpaka kutoka hapa kwa njia ya Lwakhakha, ilikwenda mbali zaidi, kwani aliyekuwa Makamu wa Rais, Profesa Gilbert Bukenya, aliufanya mpunga wa nchi kavu kuwa kampeni yake, ukaenea katika wilaya nyingi.

Siri kubwa ya NERICA mbele ya ukame ni uharaka. Nyingi hukomaa katika siku 90 hadi 100 penye joto, wakati mpunga wa kienyeji hukaa miezi minne mpaka mitano. Mvua ikikatika mapema, wao wamekwisha kuvunwa. Hapa penye mwinuko, huchelewa, na baridi ikiwakuta wakati wa kubeba suke, suke hutoka mapepe matupu. Kwa hiyo mkulima wa miteremko ya juu asipoteze mbegu. Wa tambarare za chini za Bungoma na Busia ana nafasi bora.

Ipo njia nyingine ya kuushinda ukame, nayo ni mzizi. Mwaka 2013 watafiti wa Kijapani walieleza jeni waliyoiita DRO1, ambayo huufanya mzizi uelekee chini badala ya kutambaa kando, ukafuata unyevu uliojificha. Waliipata wapi? Katika Kinandang Patong, mpunga wa zamani wa nchi kavu wa Ufilipino. Pokkali, Kinandang Patong, mpunga wa Mto Niger: hakuna hata mmoja uliobuniwa katika maabara. Zote ni mbegu za wakulima wa kale zilizohifadhiwa kwa kupandwa, na waliozichagua suke kwa suke wakati wa mavuno walikuwa, kama ilivyo kwetu, wanawake kwa sehemu kubwa.

Kwa kuwa nimetaja mvua na umwagiliaji, niwakumbushe jamaa wenye mashamba suala la zaka, maana huulizwa kila mavuno. Nisabu ya nafaka ni wasaki tano, takriban kilo 650 za nafaka safi, na kwa mpunga unaowekwa na maganda yake, katika madhehebu yetu ya Shafi, huwa maradufu. Unaonyeshewa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, na unaomwagiliwa kwa gharama hutolewa nusu ya hiyo. Mbegu ikiwa mpya, hukumu haibadiliki.

Mionzi, uchanganyaji na halali

Katika Zanzibar, mwaka 2011, ilitolewa mbegu iitwayo SUPA BC. Mama yake ni Supa, mpunga unaopendwa kwa harufu yake toka Unguja mpaka Mbeya, lakini mrefu, mwepesi wa kulala, mchelewa wa kukomaa na mchache wa mavuno. Njia iliyotumika ilikuwa mionzi, kwa ushirikiano wa watafiti wa Zanzibar na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mbegu za Supa hupigwa mionzi mara moja, hupandwa kwa maelfu, nyingi hutoka hazifai na hutupwa, na chache zenye sifa nzuri hufuatwa kizazi baada ya kizazi.

Neno atomiki limewatia hofu baadhi ya akina mama, nami nawaelewa. Lakini mionzi haibaki ndani ya mbegu. Mtu aliyepigwa picha ya eksirei harudi nyumbani akitoa mionzi. Na mchele unaopikwa ni wa kizazi cha mbali, ambao haujapata hata kuikaribia mashine. Kilichofanyika ni kuharakisha mabadiliko ambayo katika shamba hutokea yenyewe, mara chache, kwa kadari ya Mola.

Ama uchanganyaji wa dume la huku na jike la kule, watu wa Madina walikuwa wakiipandisha mitende yao kwa mikono zama za Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Kisa chao kimepokewa na Imam Muslim, na mwisho wake ni kuwa waliachiwa kazi hiyo kwa kuwa ni katika ujuzi wa mambo yao ya kidunia. Sioni haja ya kurefusha. Mchele ni mchele, na uliokuwa halali haukuharimishwa na chavua.

Swali la chungu

Narudi kwenye swali la wanawake, ambalo wengi wa wataalamu hulifikia mwisho wakati ilipasa waanze nalo.

Harufu ya mpunga inatokana na jeni moja iliyoharibika. Jeni hiyo ikiwa nzima, harufu haipo. Ikiwa imevunjika pande zote mbili, ya baba na ya mama, harufu hutoka. Kwa hiyo ukimchanganya Supa na mpunga usionukia lakini unaohimili chumvi, watoto wa kwanza wote hawatanukia. Katika wajukuu, mmoja kati ya wanne hurejewa na harufu. Mtafiti anayetafuta uvumilivu wa chumvi peke yake ataichagua miche iliyo imara, na kwa kuwa watatu katika wanne hawanukii, ataipoteza harufu bila hata kujua. Anayetaka vyote viwili lazima apande miche mingi zaidi, apime majani zaidi, na asubiri zaidi. Gharama hiyo haikubaliki ila pale mtu aliye na sauti anaposema kuwa harufu si anasa.

Si anasa hata kidogo. Familia inayolima eka moja bondeni, ikivuna magunia mengi ya mchele usionukia, yaweza kupata fedha sawa na jirani aliyevuna machache ya wenye harufu. Pishori ya Mwea, ambayo ni Basmati 370 iliyotokea Punjab mwaka 1933, hushambuliwa vibaya na ugonjwa wa blasti, na wakulima wa Mwea wanaijua aibu yake. Wanaendelea kuipanda kwa sababu soko linaitaka.

Upo pia ulaini. Wali wetu wa nazi unataka punje iliyolainika na isiyogandana. Biriani inataka punje ndefu inayotengana. Vitumbua na mkate wa kumimina vinataka mchele unaokubali kurowekwa na kusagika. Tofauti hizi hutokana zaidi na namna ya wanga iliyomo katika punje, ambayo wataalamu huiita amilosi. Ikiwa nyingi, wali hutengana, na ukipoa huwa mkavu. Ikiwa kidogo, wali hushikana. Inapimika, tena kwa urahisi. Mbegu ikishaandikishwa yenye amilosi isiyofaa, hakuna ufundi wa mpishi utakaoitengeneza. Na mchele unaokauka ukipoa ni mzigo kwa mama anayepika mara moja kwa siku na kubakiza kiporo cha watoto cha asubuhi.

Kwa haki ya watafiti, niseme kuwa wamejifunza. Kituo alichofanyia kazi Dakta Jones kilikuwa miongoni mwa vilivyowaita wakulima, wake kwa waume, waingie katika shamba la majaribio na kuchagua wenyewe. Mwaka wa kwanza huona mbegu nyingi zikiwa zimesimama, wa pili hupewa chache wakazipande kwao, wa tatu huulizwa kama wako tayari kuzinunua. Na NERICA 1 ina harufu, jambo linaloonyesha kuwa harufu na ustahimilivu vyaweza kukaa nyumba moja. Ila nimeona mara nyingi kuwa siku ya kuita wakulima, wanaoitwa ni wenye hati za ardhi. Wenye hati ni wanaume. Na mwanamume, Mungu atusamehe, huangalia ukubwa wa suke.

Akina mama wa Pwani wanaposikia kuwa kutakuwa na shamba la mfano, iwe ni la taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, KALRO, kule Mtwapa, au la Kizimbani kwa walio Unguja, waende. Waombe kilo moja ya mchele wa kila aina inayojaribiwa, waupike kwa nazi, waonje ukiwa moto na waonje asubuhi yake, kisha wawaambie wataalamu bila ya haya. Vikundi vya wanawake vya misikiti yetu, vinavyokutana kila wiki kwa darsa, vinaweza kulifanya hilo kwa mchana mmoja.

Jambo la pili ni mbegu zilizomo majumbani. Katika mitungi na magunia ya bibi zetu wa Kwale, Tana na Lamu bado zimo mbegu za mpunga ambazo majina yake vijana hawayajui tena. Baadhi zimekaa vizazi katika mabonde yanayoonja maji ya bahari, na hatujui ipi kati yake ina jamaa ya Saltol. Taasisi ya Los Baños imehifadhi sampuli zaidi ya 130,000 za mpunga wa dunia, na Kenya inayo hazina yake ya mbegu Muguga. Bonde likiachwa misimu miwili mitatu, na mbegu ya ndani ikaliwa au ikafa, haipatikani tena kwa fedha yoyote.

Mwenye nayo apeleke sehemu katika ofisi ya kilimo iliyo karibu, aombe ifikishwe Muguga, na sehemu aibakize apande. Mbegu iwe kavu, ikauke kivulini baada ya jua la kwanza, isipungue viganja kadhaa vilivyojaa, na itiwe katika karatasi au nguo, si plastiki. Juu ya karatasi aandike jina la mbegu kama linavyotamkwa nyumbani, jina la bonde, mwezi wa kupandwa na wa kuvunwa, na kama maji ya bahari hufika hapo. Kisha aandike pia wali wake unakuwaje: unanukia au haunukii, unashikana au unatengana, na unalika ukipoa.